Arobaini Bila Watu

Tarehe 6 Mei 2020, Ramadhani ikiwa katikati, serikali ya Kenya ilitangaza kuufunga Mji wa Kale wa Mombasa pamoja na Eastleigh ya Nairobi. Haingii mtu, hatoki mtu, siku 15. Siku hizo zikaongezwa, Idi ikaswaliwa majumbani, na vizuizi havikuondolewa hadi Juni ilipoingia. Kafyu ilikuwapo tangu Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na kaunti nzima ya Mombasa ilikuwa imefungwa tangu Aprili 8. Mkaazi wa Mji wa Kale basi alikuwa kafungiwa mara tatu: ndani ya kaunti, ndani ya mtaa, na usiku ndani ya nyumba.

Kila alasiri hesabu ya walioambukizwa ilisomwa kwenye televisheni. Haikusomwa habari ya mwanamke aliyejifungua wiki ile huko ghorofani, hajalala siku nne, na kila akisikia nyayo ngazini anamfunika mtoto uso. Huyo ndiye ninayetaka tumjadili. Nimegundua kwamba ukimtaja tu, watu wazima wanaoheshimiana huanza kukatana maneno: mmoja atasema aliugua kwa kuachwa peke yake, mwingine atasema alikuwa mgonjwa tangu zamani ila mlimficha. Nimezipanga hoja hizo hapa kwa sauti nne. Ni za kutungwa, zina vyeo tu, hazina majina. Lakini hakuna neno moja ndani yake ambalo mtu wa Pwani atasema hajawahi kulisikia.

BI MKUBWA: Mwanangu, mie sina maneno mengi. Mzazi haachwi. Siku arobaini halali peke yake, hashiki jiko, hatoki nje ikishaingia magharibi. Asubuhi akandwa kwa maji moto mpaka alalamike, tumbo lafungwa mkaja, apewa uji wa pilipili manga jasho limtoke. Usiku yupo mamake, au shangazi, au somo yake. Mtoto akilia, mkono upo. Ikaja amri ile. Binti jirani yangu kazaa siku ya tatu tangu tufungiwe. Mamake yuko Kisauni. Afika kizuizini, amwambia askari binti yangu kazaa, askari amwambia rudi nyumbani mama. Nami wanangu wanitisha: wewe una presha na sukari, ukitoka utakufa. Nikakaa ukumbini namsikia mtoto alia upande wa pili wa ukuta. Halafu mwaniuliza kwa nini wazazi wa mwaka ule waliharibika akili? Waliachwa, basi.

MKUNGA: Shikamoo Bi Mkubwa, na uniwie radhi kwa nitakayosema. Arobaini hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwaficha. Mzazi akianza kusema peke yake siku ya tano, mnasema kashikwa. Ubani unafukizwa, chuma kinawekwa chini ya mto, mwalimu anaitwa amsomee. Mimi naletewa siku ya ishirini, kafungwa mikono kwa leso, midomo imekauka, maziwa yamemjaa kifuani kwa sababu mtoto alishaondolewa. Sisemi asisomewe. Asomewe, huku gari linasubiri nje.

BI MKUBWA: Na gari lilikuwapo mwaka ule?

MKUNGA: Halikuwapo. Lakini tusiibebeshe korona kila kitu. Kwa kila wanawake 1,000 wanaojifungua, mmoja au wawili hupatwa na wazimu wa uzazi, korona iwepo isiwepo, na mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Hiyo ni dharura sawa na damu isiyokatika. Na sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, ni nyingi kuliko hiyo kwa mbali. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kusema kabla ya gonjwa hili kwamba katika nchi kama zetu karibu mwanamke mmoja kati ya watano huugua akili baada ya kujifungua, na mara nyingi maradhi yenyewe ni sonona. Mmoja kati ya watano! Ingekuwa ni malaria tungepuliza dawa mji mzima.

MZAZI: Naomba nizungumze na mimi, maana nyote mwanizungumzia kama nimeshazikwa.

Ugonjwa wangu ni wa zamani. Daktari anauita baipola. Nikipanda silali, nanunua vitu, nasema haraka mpaka watu wanakimbia. Nikishuka siwezi hata kuchana nywele. Nilikuwa nikitumia valproeti. Nilipoolewa daktari akanionya kuwa dawa ile haifai kwa mwanamke anayetaka kushika mimba: katika kila watoto kumi waliokaa tumboni mama akiitumia, mmoja hivi huzaliwa na kasoro ya mwili, kama uti wa mgongo au moyo, na watatu au wanne hupata shida ya kukua akili, kusema na kujifunza. Akanihamishia nyingine, taratibu. Mimba ikaingia. Mama mkwe akaviona vidonge kwenye kabati la vyombo, akasema mwenye mimba hali sumu. Nikaviacha siku ile ile, vyote.

Na nyumba ilikuwa imejaa watu, Bi Mkubwa. Mawifi, wajomba, watoto wa madrasa wanaingia na kutoka. Nililala saa mbili kwa usiku, wiki nzima, na hakuna aliyeuliza. Walisema kweli mimba imempendeza, angalia anavyofanya kazi.

MKUNGA: Hilo ndilo nililolisema.

MZAZI: Ngoja, dada, hujamaliza kushinda. Nilirudi kliniki mwenyewe, nikaanzishiwa tena. Tarehe ya kurudi ikaangukia Aprili. Kliniki ya akili iko Port Reitz, ng'ambo ya Makupa. Dukani dawa hakuna, na nauli ya tuktuk imepanda kwa sababu inabeba mtu mmoja badala ya watatu. Nikanyoosha vidonge vilivyobaki: kimoja leo, kesho sili. Mei nikajifungua. Dada yangu yuko Likoni. Yeye ndiye aliyekuwa ameahidi kumchukua mtoto usiku, kwa sababu daktari alituambia tukiwa wote wawili: huyu asikose usingizi, mwenye baipola akikosa usingizi baada ya kuzaa ndipo anapoanguka. Dada akanipigia simu kila siku. Simu haibebi mtoto.

Wiki ya pili nikaanza kuosha. Mikono kwanza, halafu kitasa, halafu sarafu, halafu nepi mara tatu kwa Jik mpaka zikachanika. Mtu akinijia namwambia simama hapo hapo mlangoni. Mtoto sitaki aguswe. Sitoki. Nikisikia mtu anakohoa nyumba ya pili nafunga dirisha, joto la Mombasa mnalijua. Na kila mtu akanisifu! Mume wangu akawaambia ndugu zake: mke wangu anafuata masharti kuliko nyinyi nyote.

Hapa nitaingia kati, kwa sababu naona maneno haya ndiyo mazito kuliko yote katika mjadala huu, na sijaona yakipewa nafasi yake. Mwaka mwingine wowote, mwanamke anayeosha kitasa mara hamsini na asiyetaka mwanawe aguswe na bibi yake angeshukiwa siku ya pili. Mwaka 2020 aliambiwa hongera. Kujitenga, kuogopa watu, kunawa, kutotoka, kutolala kwa kusikiliza kama mtoto anapumua: dalili hizo moja baada ya nyingine zilifanana na agizo la wizara. Ugonjwa ulivaa sare ya serikali, na nani angemsimamisha?

MKUNGA: Kuna namna ya kutofautisha, na si kwa kuhesabu mara za kunawa. Unamuuliza mama mawazo gani yanamjia akiwa peke yake. Wazazi wengi hujiwa na picha mbaya: mtoto anamponyoka ngazini, maji ya moto yanamwagika, kisu. Mwingine picha hizo humtisha mpaka anakificha kisu chenyewe, hataki hata kumwogesha mtoto. Huyo anateseka, anahitaji matibabu, lakini anayaogopa mawazo yake. Wa kunitia mimi wasiwasi ni yule asiyeyaogopa. Anakwambia kwa utulivu kwamba huyu si mwanangu, walinibadilishia. Au kwamba ameamrishwa. Huyo hata robo saa haachwi peke yake na mtoto, wala hashauriwi aende akapumzike. Anapelekwa.

MZAZI: Na mimi ningekujibu nini? Ungeniuliza umekaa mezani na kitabu cha kliniki, nyuma yangu kuna foleni mpaka getini, mama mkwe kasimama pembeni kashika mtoto. Nitakwambia kwamba usiku naona picha ya kisu?

MKUNGA: Wengi hawasemi.

MZAZI: Hawasemi kwa sababu wana akili, si kwa sababu hawana.

Ana haki. Tuitazame sheria tuliyorithi kwa Mwingereza. Kifungu cha 210 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na cha 199 cha ile ya Tanzania, vinasema mama akimuua mwanawe aliye chini ya miezi 12, hali akili yake imevurugika kwa kuwa hajapona sawasawa athari za kuzaa au kunyonyesha, basi hilo si kosa la kuua kwa kukusudia; anaadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Maana yake, walioandika sheria walijua vizuri kwamba uzazi unaweza kuigeuza akili. Ujuzi huo wakauweka mahakamani, mahali ambapo mama hufika mtoto akiwa ameshakufa. Na yule anayetaka kujidhuru mwenyewe? Kifungu cha 226 cha Kenya kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na kilikuwa bado na meno mwaka huo wa 2020. Mahakama Kuu ilikuja kukitangaza kuwa kinapingana na katiba Januari 2025. Mwanamke aliyemeza vidonge Juni 2020 akaokolewa alikuwa na sababu nzuri ya kumwambia muuguzi kwamba alikosea hesabu.

MUME: Mie niseme kidogo. Kila mtu anauliza mume alikuwa wapi. Nilikuwa nje ya geti. Uchungu ulimshika saa mbili usiku, kafyu imeshaingia. Tulikuwa tumesikia habari ya yule dereva wa bodaboda hapa hapa Pwani, aliyempeleka mjamzito hospitali, njiani kurudi akapigwa na polisi, akafa. Kwa hiyo naendesha tuktuk taa za ndani zimewashwa, kitambaa cheupe nje, namwambia mke wangu apige kelele zaidi tukifika kizuizini. Wakatupisha. Hospitalini wakasema anaingia mgonjwa peke yake. Nikampa mfuko wa nguo kupitia mlinzi. Mtoto nimemwona siku ya pili, tena kwa picha.

Nasikia Nairobi kulikuwa na yule daktari, Jemimah Kariuki, aliyeanzisha Wheels for Life: mjamzito apiga simu bure, anatumiwa teksi yenye ruhusa ya kupita usiku. Jambo la maana kabisa. Lakini hiyo ni ya uchungu wa kuzaa, polisi auelewa. Wiki ya tatu mke wangu ananiambia mtoto ananukia dawa, watu wanapita darini. Saa saba za usiku. Nikamwambie nini askari? Kwamba mke wangu hajalala? Ataniuliza, kwani mimi nimelala?

BI MKUBWA: Ungenigongea ukuta.

MUME: Nilikuogopea, Bi. Uliambiwa usisogelewe. Na nikwambie kweli mbele ya watu: niliona haya. Nikasema litapita.

Hatujui ni wangapi waliosubiri lipite, wala sitajifanya kukisia. Tunajua lakini kwamba milango iliyokuwa wazi kabla ya korona ilifungwa mmoja mmoja: kwanza usafiri, halafu hofu ya kuambukizwa kliniki, halafu Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki wakagoma katika kaunti nyingi wakidai vifaa vya kujikinga na bima. Mimi siwalaumu waliogoma. Nataja tu kwamba mwanamke aliyeshika mimba kafyu ilipoanza alijifungua humo mgomoni. Na Julai ya mwaka huo huo jopo la kitaifa lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilikuwa limeshaishauri serikali iyatangaze maradhi ya akili kuwa dharura ya taifa.

Tena tusimpe Bi Mkubwa ushindi wa bure. Arobaini anayoisifu haikuwa ya kila mtu hata enzi ya amani. Msichana wa kazi aliyepata mimba nyumba aliyoajiriwa alikandwa na nani? Mwanafunzi aliyeshika mimba shule zilipofungwa, Machi 2020, na kubaki hivyo kwa wengi hadi Januari 2021, alifungwa mkaja na nani? Huyo alifichwa chumba cha nyuma, akaambiwa anyamaze. Desturi yetu ya kumlea mzazi ni nzuri sana kwa yule ambaye ndoa yake ilipigiwa vigelegele.

BI MKUBWA: Hilo kweli. Hilo sikatai.

MKUNGA: Basi nami nitoe langu. Kuna dodoso linaloitwa la Edinburgh, maswali kumi tu, juu ya siku saba zilizopita: kama mama bado anaweza kucheka, kama anajilaumu bila sababu, kama hofu inamjia bila kitu, na la mwisho kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kila jibu lina alama sifuri hadi tatu. Lilichapishwa 1987 na John Cox na wenzake. Watu hudhani ni kitu cha Wazungu, na jina lake linawasaidia kudhani hivyo. Lakini Cox huyo, miaka ya 1970, alikuwa Uganda akichunguza maradhi ya akili ya wajawazito na wazazi wa Kiganda, na akaandika juu ya amakiro, ugonjwa wa wazazi ambao Waganda walikuwa wanaujua na wana jina lake muda mrefu kabla yeye hajafika. Walisema unatokana na mwanamke kutembea nje akiwa na mimba, na kwamba mama hutaka hata kumla mtoto. Sababu waliyoitoa siikubali. Lakini kuuona, waliuona.

BI MKUBWA: Maswali kumi ya nini? Mie nina moja. Mtoto akilia, namtazama mama, simtazami mtoto. Mama akigeuza uso ukutani siku moja, kachoka. Akigeuza siku tatu, mgonjwa. Akiruka kabla mtoto hajalia, mgonjwa vile vile.

MKUNGA: Hilo la mwisho ungenifundisha nikiwa chuoni.

BI MKUBWA: Hukuniuliza.

MKUNGA: Lakini ukishaona, Bi Mkubwa, unafanya nini? Hapo ndipo tunapogombana. Pakistan, vijiji vya Rawalpindi, walichukua wanawake wa mtaani wanaopita nyumba kwa nyumba kwa habari za chanjo na lishe, si madaktari, wakawafundisha namna ya kukaa na mjamzito mwenye sonona, kumsikiliza, kumwondoa kidogo kidogo kwenye mawazo yanayomsaga, kuipanga siku yake, kuwavuta na watu wa nyumbani wamsaidie. Majibu yalitoka mwaka 2008. Miezi sita baada ya kujifungua, waliotembelewa hivyo, asilimia 23 ndio waliokuwa bado na sonona. Waliotembelewa kwa kawaida tu, asilimia 53. Hakuna kidonge hapo. Ni mtu kuja, kukaa, na kujua anachokifanya. Hicho cha tatu ndicho kilichokosekana kwenye arobaini yenu, na hivyo viwili vya kwanza ndivyo vilivyokosekana kwenye kliniki yangu.

Nakubaliana naye, ila naona amekwepa swali la mwaka ule wenyewe. Mtu kuja na kukaa ndicho kilichopigwa marufuku. Kwa hiyo hoja yangu ni nyembamba, na naiweka mezani: yule anayekaa na mzazi alipaswa kuhesabiwa kuwa mtoa huduma muhimu. Wabeba mizigo ya chakula walipewa njia, walinzi walipewa njia, waandishi wa habari tulipewa njia. Mama wa Kisauni hakupewa. Nchi nyingine zililiona suala hili, tena kwa kuchelewa. New York, Machi 2020, baadhi ya hospitali ziliwazuia wenza wasiingie wodi ya uzazi, na kabla ya mwezi kwisha jimbo likaamuru kila anayejifungua aruhusiwe mtu mmoja. Uingereza, kuanzia Desemba 2, 2020, nyumba yenye mtoto asiyefikia mwaka iliruhusiwa kujiunga na nyumba nyingine moja na kuhesabiwa kama familia moja, hata masharti yakiwa makali. Si nyumba kumi. Moja.

MKUNGA: Na ungempa kibali nani? Bi Mkubwa wa miaka sabini, mwenye presha na sukari, chanjo bado haijaja? Kenya ilianza kuchanja Machi 2021. Mei 2020 ningemwona anaingia nyumba ile, ningemwona anatoka kwenye machela.

BI MKUBWA: Umri wangu waniuliza wewe? Ajali ni ya Mungu.

MKUNGA: Na maiti ni ya kwetu kuosha, kwa mavazi ya plastiki, watu 15 tu makaburini. Hiyo pia ingemponya mzazi? Kumbuka angekufa kwa ajili yake. Mwenye sonona hiyo mpe tu sababu ya kujilaumu uone.

MUME: Basi dadake. Ana miaka 25, mzima wa afya.

BI MKUBWA: Dadake ajua nini? Hajazaa. Hajui hata kufunga mkaja.

MKUNGA: Mkaja si wa lazima, Bi Mkubwa.

BI MKUBWA: Kwako.

MZAZI: Nyote mwachagua kama vile mimi sipo. Nisikilizeni, kwa sababu nataka mtoto wa pili, na daktari ameshaniambia hesabu yangu: mwenye baipola, kati ya watano mmoja hivi huweza kupatwa na wazimu wa uzazi. Watano, si elfu. Kwa hiyo safari hii sitaki mambo ya litapita. Mwezi wa saba wa mimba, nikiwa na akili zangu timamu, nitaandika karatasi. Dawa nitakayotumia, daktari aiandike na sahihi yake, mama mkwe asomewe. Usiku nani ashika mtoto, kutoka saa nne hadi saa kumi na moja, jina kwa jina. Maziwa ya usiku ni ya kukamua au ya kopo, na asiniambie mtu kitu. Na mtu mmoja atakayekuwa na haki ya kusema sasa hospitali, hata mimi nikimwambia niko sawa. Nitakuwa nikisema niko sawa, hivyo ndivyo ninavyosema nikiwa mgonjwa.

MUME: Huyo si ni mimi?

MZAZI: Wewe uliona haya.

BI MKUBWA: Niandike mie.

MKUNGA: Na wakitufungia tena?

MZAZI: Ndiyo maana nataka majina mawili. Moja la wakati njia ziko wazi. Moja la wakati zimefungwa, awe mtu ambaye ameshahamia ndani kabla ya kizuizi, na amepumua hewa yetu wiki mbili. La kwanza nimeshalijua. La pili namwandika dadangu, na kuanzia mwezi huu anakuja kwako, Bi Mkubwa, kila Jumamosi, umfundishe kumtazama mama badala ya mtoto.

BI MKUBWA: Na mkaja nitamfundisha.

MKUNGA: Mfundishe. Na Jumatano aje kwangu, nimpe yale maswali kumi.

BI MKUBWA: Jumatano kuna arusi.